Asmini ya Kibaraza cha Vioo

Haya, wajukuu, nitegulieni hiki: mchana kutwa kajifunika gubigubi, jua likizama anajifunua, na kabla hujamwona umeshajua yumo nyumbani. Hamumjui? Basi nipeni mji. Johannesburg? Nimeupokea, nimekwenda mpaka Fordsburg, nikamkuta kwa Bi Biubwa: ni asmini.

Kibaraza chake kilikuwa cha vioo, kimetazama kaskazini, maana katika nchi ile huko ndiko jua linakopita. Nje, baridi ya Julai ilikuwa imeunguza majani ya uani yakawa rangi ya tumbaku. Ndani, mrehani umesimama, waridi limeiva rangi, na asmini imejaa matumba. Biubwa aliweka hita pembeni na ndoo ya maji mbele yake, hewa isikauke. Maji ya kumwagilia aliyapasha yakawa vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Majani aliyafuta moja moja kwa kitambaa. Ukimwona ungesema mwanamke huyu ana huruma. Alikuwa nayo, kwa miti.

Kwa Saida hakuwa nayo. Saida alikaa ghorofa ya juu yake, wote wametoka Unguja, na kwa miaka walikuwa chanda na pete. Baridi ya mwaka jana, Biubwa alipolazwa kupasuliwa goti, alimwachia ufunguo amwagilie. Aliporudi alikuta asmini yake, ile aliyokuja nayo kijiti kimefungwa ndani ya kanga, imekauka, na udongo una ukoko mweupe. Akachovya kidole, akaramba. Chumvi.

"Saida, nani aliyeutia mti wangu chumvi, na kwa kosa gani?"

Saida akatazama pembeni, akasema, "Baridi ya huku mbaya, shoga," akaweka ufunguo mezani, akaondoka. Tangu hapo hata salamu ilikufa.

Kitawi kimoja tu kilibaki na ubichi. Biubwa akakipanda kwenye udongo mpya. Aliposikia Raifa, binti wa Saida, kaposwa, akazidi kukilea kama mboni ya jicho. Bibi harusi wa kwao hapelekwi kwa mumewe bila kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, kifuani, na asmini ya kutungia kikuba baridi ile haikuwepo duka lolote. Saida atakuja tu, alijiambia. Hana pa kwenda.

Na alikuja, alasiri ya siku ya harusi, buibui limekaa upande.

"Hodi, Biubwa."

"Karibu. Leo umepotea njia?"

"Sikupotea. Nakuomba asmini ya Raifa."

"Maombi baadaye. Kaa kwanza, unywe chai."

Saida akakaa. Angekataaje, na yeye ndiye mwenye shida? Kilichomvunja moyo ni jua. Asmini ya kikuba huchumwa ingali imefumba. Ikishachanua, ukipitisha uzi inapukutika. Biubwa alilijua hilo vizuri. Akaiponda iliki punje kwa punje. Akauliza habari za ukumbi, za biriani, za foleni ya magari kwenye roboti, ndivyo huko wanavyoziita taa za barabarani. Akarudi jikoni kutafuta kijiko, kijiko kiko mkononi mwake.

"Biubwa, jua linakwenda."

"Kila siku linakwenda. Ongeza sukari."

"Tumba lile limeanza kufunguka."

"Naliona. Zuri, eh? Na la pili yake nalo linajinyoosha."

"Unanifanyia makusudi."

"Wewe mkwe wa watu leo, nikuache uondoke na koo kavu? Watanisema."

Akavuta kiti, akakaa kati ya Saida na mti, mkasi mapajani. Mwaka mzima alikuwa akiimwagilia saa hii. Utamu wake ulimpanda taratibu mpaka kooni, akautafuna.

"Swali langu la mwaka jana liko pale pale," akasema. "Jibu, uchume yaliyobaki. Usipojibu, Raifa atavaa maua ya plastiki, na mawifi zake watayacheka mpaka apate wajukuu."

Saida aliutazama mti. Harufu ilikuwa imeanza kujaa kibarazani. Akaweka kikombe chini, na mara hii hakutazama pembeni.

"Mimi," akasema. "Kwa mkono wangu huu. Ulimtungia Nasra vikuba siku alipoolewa na mume wangu. Asubuhi yake ukaja kunipa pole, ukanifuta machozi, na vidole vyako bado vinanukia asmini."