Milango Kumi na Minane ya Mama Tryphosa

Jumanne saa nne asubuhi, mwanamke wa makamo alisimama chini ya ngazi, akavua gambuti zake, akazitia katika gunia dogo la mbolea, akavaa viatu vya kanisani na kupanda hadi orofa ya kwanza. Chini palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Juu palikuwa na kampuni ya Ng'ang'a ya kuunda programu za kompyuta: meza nne, birika moja la umeme, na dirisha lililotazama Barabara ya Uganda.

"Natafuta fundi wa milango," mwanamke akasema.

"Bawaba na makomeo ni huko chini, Mama," Ashley wa mapokezi akamjibu.

"Huko ndiko nimetoka. Nimewaonyesha picha kwa simu, wakasema milango kama hii si yao, ni ya watu wa kompyuta."

Ashley akaiangalia picha, akakubali kwamba ni kweli. Akaandika jina la mgeni kwenye kitabu, Tryphosa wa Moiben, kisha akamwita Musimbi.

Musimbi alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, diploma ya kompyuta, na mazoea ya kumshuku kila mtu mpaka aliyeshukiwa ajitetee. Hata chai ya ofisini aliinusa kwanza. Ndiye aliyeunda daftari la wanachama wa ushirika wa mahindi kule Moiben, ambalo ushirika ulianza kulitumia mwezi wa Machi. Kila mkulima alikuwa na mambo tisa ndani yake: jina, kitambulisho, ekari, ng'ombe na mengineyo.

"Wiki ile mliponiandikisha, ukuta wa sebule yangu ulitoa milango midogo kumi na minane," Mama Tryphosa alieleza. "Majirani nao wanayo. Kwa akina Kibet wanalalisha kuku. Mimi nisingelalamika, lakini shemeji yangu Lusweti anapitia mmoja. Tangu mume wangu azikwe amekuwa akilitaka hilo shamba. Lilikuwa ekari nane. Sasa ni sita."

Musimbi hakuwa na shaka na milango. Alimshuku mwenye kuileta habari.

"Nani amekutuma kwangu?"

"Miguu," Mama Tryphosa akajibu.

Tyson, aliyekaa meza ya pili, akacheka bila kuinua macho. "Musimbi, wewe huamini hata kivuli chako. Enda uone kwa macho."

Alikwenda Jumatano. Nyumba ilikuwa ya mabati, safi, na zulia lake lilikuwa limepigwa jua asubuhi hiyo. Milango ilipangwa kwenye ukuta wa kaskazini, miwili miwili, kila mmoja ukimfika mtu kifuani. Wa kushoto ulikuwa na kioo, na ukichungulia ungeona jambo lenyewe limekaa ndani: ng'ombe wanne, au jina, au ekari. Wa kulia haukuwa na kioo. Haukuwa na komeo wala tundu la ufunguo. Uliusukuma ukaingia, na ukishaingia uliweza kubadilisha ulichokikuta.

Musimbi aliitambua kazi hiyo mara moja. Katika ufundi wao, kila jambo lililohifadhiwa huhitaji vipande viwili vya maandishi: kimoja cha kulisoma, kingine cha kulibadilisha. Kuviandika kwa mkono huchosha kama kupukuchua magunia ya mahindi kwa vidole. Kwa hiyo kuna njia ya mkato. Unaandika alama ya @ na neno moja juu kabisa ya orodha ya mambo hayo, na mashine inakuandikia yote yaliyobaki, mahali usipopaona. Alama ikikaa juu ya jambo moja, inalihudumia hilo moja. Ikikaa juu ya orodha nzima, haichagui.

Walikuwa bado wanatazama wakati Lusweti alipobisha hodi. Alikuwa mzee mnyoofu wa kofia ya pama. Alijipangusa viatu, akaulizia afya za watu wote waliokuwamo, akainama na kuingia katika mlango wa kulia wa jozi ya tatu. Alikaa humo kiasi cha chai kuchemka. Nje, nguzo za ua zikang'oka moja baada ya nyingine, zikapiga hatua kuja upande wa nyumba, zikajisimika tena. Zilifanya hivyo kwa utaratibu, na waya haukukatika.

"Tano na robo," Mama Tryphosa akasema, akichungulia kwenye kioo.

Lusweti akatoka, akanyoosha mgongo, akapokea kikombe.

"Shemeji, leo sukari umenipunja."

"Wewe ndiye wa kusema habari ya kupunja?"

Mzee akacheka kwa staha, akamaliza chai, akaenda zake. Mama Tryphosa akamgeukia Musimbi. "Sitaki utoe yote kumi na minane. Nitolee huo mmoja. Mwenye kutaka kutazama na atazame, mimi sina cha kuficha."

"Nitautoa," Musimbi akasema.

Njiani kurudi mjini, akiwa nyuma ya bodaboda, aliwapanga washukiwa wake. Yeye aliamini kwamba aliandika ekari kwa mkono, akazipa mlango wa kioo pekee. Basi kuna mtu aliyebandika alama juu ya orodha nzima. Tyson ni mvivu, angeweza. Ng'ang'a anapenda mambo ya haraka, angeweza zaidi. Ashley hajui programu, lakini Musimbi hakumfuta.

Kumbukumbu ya kazi huandika nani alibadilisha nini na lini. Aliifungua Alhamisi asubuhi. Alama ilikuwa hapo juu kabisa, neno moja, na aliyeiweka alikuwa Musimbi, Ijumaa ya mwisho ya Februari, saa kumi na dakika arobaini na saba.

Aliisoma mara tatu.

"Kuna mtu ametumia jina langu," akasema.

"Si ni ile siku ya keki?" Tyson akauliza.

Ndipo akakumbuka. Ijumaa hiyo alikuwa amefuta mistari mia mbili na kuweka neno moja mahali pake, akasimama kitini kuwaonyesha wenzake. Ng'ang'a alituma keki inunuliwe. Walikula, wakafunga ofisi mapema.

Aibu haikumkalisha. Akaiondoa alama, akaandika kwa mkono, mstari kwa mstari, mpaka saa nane mchana. Ekari zilipata kioo tu. Akajaribu mara kumi, ikafanya kazi mara kumi. Ili ifike Moiben ilihitaji idhini ya Ng'ang'a.

Ng'ang'a aliisoma kazi yote, na alikuwa msomaji makini. "Ni nzuri," akasema. "Lakini haitatoka."

"Watu wanaingia nyumbani mwa mjane na kumhamishia ua."

"Unajua ni wangapi wanaopita hiyo milango? Makarani wa ushirika, watu wa chifu, mashemeji, wajomba. Zamani jambo kama hilo lilikuwa kesi ya miaka kumi. Sasa mtu anapangusa viatu tu. Ushirika umetuandikia barua ya pongezi. Kaunti mbili zaidi zimeuliza."

"Ulijua tangu lini?"

"Musimbi, mimi nilikula keki kama wewe." Akamrudishia kompyuta yake. "Mwambie huyo mama aweke kiti karibu na ukuta. Wageni wanachoka."

Musimbi hakuomba idhini tena. Jioni hiyo aliituma kazi yake Moiben kwa siri. Ijumaa asubuhi alama ilikuwa imerudi mahali pake, juu ya orodha, na kumbukumbu ilisema aliyeirudisha ni Musimbi. Akaiondoa. Jumatatu ilikuwa imerudi, kwa jina lake. Alimshuku Ng'ang'a, akamshuku Tyson, na siku moja akalala ofisini bila kuzima taa ya meza, ajichunge asije akairudisha mwenyewe usingizini. Asubuhi alama ilikuwapo. Akanunua komeo la chuma katika duka la chini, akaenda kulipigilia misumari kwenye mlango wa jozi ya tatu. Kulipokucha ukuta ulikuwa umetoa mlango mwingine juu ya ule, mpya, usio na komeo.

"Umejaribu," Mama Tryphosa alimwambia kwa simu. Ekari zilikuwa mbili unusu.

Mwezi wa Agosti Lusweti alimaliza jozi ya tatu. Kwenye kioo palikuwa na sifuri, na ua uliegemea ukuta wa nyumba. Mzee akajipangusa viatu, akaulizia afya, akainama mbele ya jozi ya kwanza, ile ya jina.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, mwanamke wa makamo alisimama chini ya ngazi, akavua gambuti, akazitia katika gunia dogo la mbolea, akavaa viatu vya kanisani na kupanda.

"Natafuta fundi wa milango," akasema.

"Jina, Mama?"

Mwanamke akafikiri kidogo. "Andika mgeni wa Lusweti."

Ashley akaandika hivyo. Musimbi akasimama mezani kwake, akamwita Mama Tryphosa, na mwanamke akatazama nyuma kuona ni nani anayeitwa.

"Sina malalamiko," akamwambia Musimbi kwa upole. "Shamba ni la mzee, mimi ananihifadhi tu. Ni hiyo milango, binti yangu. Watu wanaingia na kutoka kutwa nzima, na bawaba zinalia sana. Huna kitu cha kuzitia?"

Musimbi alimtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta mtu wa kumshuku. Kisha akashuka duka la chini, akanunua chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, akampandishia.