Tawi la Kinu

Kosa lilikuwa ukurasa wa mia na kumi na mbili, na Bosibori alikuwa ameliandika kwa mkono wake mwenyewe bila kujua kwamba ni kosa.

Kwa miezi tisa, tangu amalize shahada yake ya historia, alikuwa akipanda basi kutoka ghorofa za mtaa wa Jane and Finch hadi nyumbani kwa Baroni Konrad von Tollenbeck. Mzee huyo wa miaka themanini na minne aliingia Kanada mwaka 1949 na masanduku mawili, moja la nguo, jingine la karatasi. Ukoo mzima ulikaa katika karatasi hizo: mabwana wa ngome huko Kurland, kando ya Bahari ya Baltiki, waliogawanyika zamani kuwa Tawi la Ngome, Tawi la Mto na Tawi la Kinu. Hili la mwisho lilitokana na wadogo waliokosa ngome wakaachiwa kinu cha kusaga nafaka. Baroni alitaka kitabu kiwe tayari kwa mkutano wa ukoo, Jumamosi ya pili ya Juni 2011. Bosibori aliipenda kazi ile. Kila alipompata mtu aliyesahaulika, alitembea siku nzima akiwa mwepesi, kana kwamba amemwokota mtu njiani akamfikisha kwao.

Sasa Baroni alikuwa ameweka kidole juu ya jina moja la Tawi la Kinu.

"Otto alifariki lini?"

"Mwaka 1904. Alianguka kutoka juu ya farasi."

"Na Georg, huyu uliyemwandika kuwa mwanawe?"

"Alizaliwa 1907."

Baroni alimtazama. "Wewe ni msomi. Hesabu."

Bosibori alihesabu, na uso ukamwaka moto. Tarehe hizo alikuwa nazo tangu Januari, na hazikumshtua hata kidogo. Kwao Nyamira, bibi yake alifiwa na mumewe, Ombati, akiwa bado kijana. Hakurudi kwa wazazi wake. Ng'ombe wa mahari walitoka kwa Ombati, na nyumba ilikuwa ya Ombati. Mwaka wa nne akamzaa Zachariah, baba yake Bosibori. Mwanamume aliyehusika alijulikana, wala hakuna aliyeona haja ya kumtaja. Zachariah ni mwana wa Ombati, analima shamba la Ombati, na jina hilo ndilo lililo katika kitambulisho chake. Kwa hiyo Bosibori alipokuta kwamba Amalie, mjane wa Otto, alibaki kwenye kinu na kupata mtoto, alimweka mtoto pale ambapo mtoto wa namna hiyo huwekwa.

"Kwetu angekuwa mtoto wa marehemu," alisema.

"Kwenu, sawa. Kwetu ni mwana wa nje, na Tawi la Kinu lilikwisha siku Otto alipoanguka." Baroni alivua miwani. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipoondoshwa kule. Ngome ilikwenda, ardhi ikaenda. Nilichobaki nacho ni kujua nani ni nani. Ukinilegezea hicho nacho, binti, nimebaki na nini?"

Bosibori akauliza, "Na Ilse?"

Ilse alikuwa mjukuu wa Georg, dereva mstaafu wa mabasi ya shule huko Oshawa. Bosibori mwenyewe ndiye aliyemtafuta katika kitabu cha simu, akamwandikia mwaliko kama wengine wote.

"Mpigie simu. Mwambie kulitokea hitilafu. Na ukurasa uondolewe leo."

"Tungemwandika chini ya Amalie. Mama yake anajulikana."

"Mke haanzishi tawi," alisema Baroni, akarudisha miwani.

Mpiga chapa alikuwa Sadru, Mwismaili mzaliwa wa Mwanza mwenye duka katika mtaa wa Agincourt. Alisikiliza habari yote akiwa ameegemea mashine.

"Ukurasa mzima? Watu watano hawa. Nimewapanga vizuri, hata nimeshawazoea."

"Kitabu ni chake, anko."

"Karatasi ni zake. Watu sijui." Akajikuna kidevu. "Lakini mimi nani wa kusema? Ukiniuliza babu wa babu yangu, nitakwambia Hasanali, kwa sababu kila ukoo kwetu una Hasanali mmoja. Sasa mwanangu, umekuja nikate au umekuja nikuzuie?"

Otto hakumzaa Georg, na kitabu kile kilihesabu damu tu. Hilo Bosibori hakuweza kulipinga.

"Kata. Na pale mbele, palipoandikwa nani amekusanya, toa jina langu."

"Hilo nalo ni kosa?"

"Litoe tu, anko."

Simu hakupiga. Alipanda treni hadi Oshawa, akamkuta Ilse jikoni, picha ya Georg iko mezani, imefutwa vumbi. Ilse alikuwa ameshamweleza dada yake aliye Winnipeg kwamba wamepata watu. Bosibori alimwambia yote akiwa bado amesimama, kwa kuwa aliogopa kwamba akiketi atalainisha maneno.

Ilse alizima jiko, birika likaacha kulia.

"Na wewe uliziona tarehe?"

"Niliziona. Sikuona neno." Akamweleza habari za Ombati.

"Baba yako anajua?"

"Kijiji kizima kinajua."

"Na usingizi anaupata?"

"Anakoroma."

Ilse alicheka kidogo, kisha macho yakamjaa. "Babu yangu aliishi akiinamisha kichwa. Siku zote nilidhani ni mgongo." Akaichukua picha, akaifunga kwa kitambaa, akaitia mkobani. "Nitakwenda Jumamosi. Anifukuze yeye mwenyewe, mlangoni, watu wakiona. Sitaki kufukuzwa na hitilafu."

"Anaweza kukufukuza kweli."

"Najua. Utakuja nami?"

Bosibori alifikiria barua ya mwajiri iliyokuwa ikisubiriwa na watu wa Uhamiaji ili wamruhusu kubaki Kanada, ambayo Baroni aliahidi kuitia saini baada ya mkutano.

"Nitakungoja stesheni, tuingie pamoja," alisema.