Chupa ya Kifuniko Chekundu

Mfaume alikuwa amelala chali chini ya gari la marehemu kaka yake, na asali iliyochanganyika na vumbi ilikuwa imemgandia kwenye nywele.

Kazi hiyo aliikimbia wiki tatu nzima. Mtu akimuuliza, anasema reki ya stelingi, chuma kinachogeuza magurudumu, haijafika kutoka Dar. Na kumbe reki ilishafika siku nyingi, imefungwa kwenye gunia, imelazwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Mafundi ni mabingwa wa kusema kesho, na mtaa mzima wa Isevya ulimjua Mfaume kwa ugonjwa huo, lakini safari hii haukuwa uvivu. Lile gari ndilo lililomuua Majidi. Miezi miwili na nusu nyuma lilitoka Kaliua na ndoo kumi na nane za asali, likafika kona moja kabla ya Urambo, likakataa kukata kona. Lilikwenda moja kwa moja kwenye mwembe, mmoja wa ile miembe mikongwe iliyopandwa na watu waliokuwa wakienda Ujiji kwa miguu na mizigo kichwani. Dereva alitoka na mkono uliovunjika. Majidi alikuwa amekaa upande wa pili, upande ulioupokea mwembe. Waliofika kwanza walisema nyuki walishajaa ndani ya gari kabla ya watu.

Bodi ilishanyooshwa, kioo kilishawekwa. Ilibaki stelingi, ambayo ilikuwa nzito kiasi kwamba gari lilisukumwa mpaka uani kwa kelele za vijana sita. Bi Tunu, mama yao, alitaka liuzwe mirathi igawanywe, watoto wawili wa Majidi wapate chao mapema. Mjane, Najiat, alikuwa ndani akikaa eda. Chumba chake kilitazama uani, dirisha lina pazia la kijani, na mtu akitaka kumwambia neno alilisema hapo nje ya pazia na jibu likatoka humohumo. Zilikuwa zimebaki siku hamsini na kitu.

Na kulikuwa na Ezekia, dereva. Huyo alikuwa mahabusu. Mkaguzi alitazama breki, akatazama matairi, akaandika gari halina kosa. Basi kosa likabaki la binadamu. Ezekia alisema tangu siku ya kwanza kwamba stelingi iligoma mikononi mwake. Nani anamsikiliza dereva? Bi Tunu alisema mtu huyo alisinzia, na akaapa hatamsamehe hata aje na msahafu kichwani. Mke wa Ezekia, Julieth, alikuja kila Ijumaa baada ya swala, anapiga magoti mlangoni, anaomba familia iandike barua ya msamaha. Kila Ijumaa alirudishwa.

Ijumaa hiyo Mfaume aliona haya kuahirisha tena. Aliinua gari kwa jeki, akaliweka juu ya magogo, akatoa magurudumu ya mbele. Akang'oa tairodi, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, kwa nyundo, huku na huku. Akaingia ndani kuachia jointi ya stelingi, akarudi chini, akafungua mabomba mawili ya mafuta. Hapo ndipo alipoona jambo la kwanza. Mafuta ya stelingi ni mekundu. Yaliyomdondokea kiganjani yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala, na harufu kali aliyoijua tangu akiwa mwanagenzi.

Alifungua bolti nne, akaivuta reki ikatoka kwa upande wa tairi la kushoto, akaiweka juu ya gunia. Akaifungua palepale, ingawa hapakuwa na haja. Reki ya zamani ilikuwa ya kutupwa. Raba za ndani zilikuwa zimevimba na kulainika kama ugali uliolowa. Kipande kimoja kilikuwa kimekatika na kwenda kujibana kwenye vali.

"Shemeji," akaita kuelekea dirishani, bado ameishika ile raba. "Nani alikuwa akitia mafuta ya stelingi humu?"

"Mimi, shemeji. Kwani hukunifundisha wewe mwenyewe?" Sauti ya Najiat ilikuwa na uchangamfu kidogo, wa kwanza tangu msiba. Kweli alimfundisha. Macho ya Majidi yalikuwa yameanza kufifia, hata kuendesha alishaacha, na Najiat ndiye aliyekuwa akifungua boneti kila asubuhi akapima maji na oili, kanga kiunoni, majirani wakimcheka.

"Ulikuwa unatia yapi?"

"Ya kwenye chupa ya stelingi. Ilikuwa stoo, juu ya rafu, ile ya kifuniko chekundu. Lilikuwa linavuja, kwa hiyo natia kidogo kidogo kila asubuhi. Kama wiki mbili hivi, mpaka siku ile ya safari."

"Haya ni mafuta ya breki," Mfaume alisema.

Alisema kifundi tu, ulimi ukitangulia akili, kama ambavyo angemwambia mteja yeyote. Maneno yalipokwisha kutoka ndipo alipoiona ile chupa. Aliiona vizuri kabisa, na mkono wake mwenyewe ukiimimina.

Ilikuwa Idi iliyopita. Alikuja hapahapa uani kutoa upepo kwenye breki za gari hilihili. Kopo la mafuta ya breki lilikuwa limepasuka mdomo, na yalibaki mengi, na yeye si mtu wa kumwaga kitu alichonunua. Palikuwa na chupa tupu ya mafuta ya stelingi. Akamimina humo. Alitafuta kalamu aandike, hakuiona. Akasema ataandika kesho. Mama akamwita kula, pilau limeshapakuliwa. Akaipandisha chupa juu ya rafu, akanawa mikono, akaenda kula.

"Mafuta ya breki yanafanya nini?" Najiat aliuliza. Uchangamfu ulikuwa umekwisha.

Angeweza kudanganya. Hakuna mtu pale uani aliyejua tofauti ya mafuta hayo ila yeye. Lakini mdomo ulikuwa umekauka, na ukweli ndio uliokuwa karibu. "Yanakula raba. Zinavimba, zinakatika. Stelingi inakuwa nzito. Inaweza kugoma."

Pazia halikutikisika. Kuku walipita chini ya gari. Kisha Najiat akasema taratibu, "Kwa hiyo Ezekia alikuwa anasema kweli."

 Mfaume alichukua reki iliyotoka Dar kwenye gunia lake, akahesabu nyuzi za tairodi mara tatu ili magurudumu yakae sawa, kwa sababu hesabu ilimpotea mara mbili, akaingia tena chini ya gari. Alijiambia atasema. Alijiambia kwanza amalize bolti hizi nne, kisha atatoka, atamwambia mama yake, atakwenda kituoni na miguu yake. Alikuwa bado kwenye bolti ya pili Julieth alipobisha hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu Bi Tunu bila kuinua macho. Alikuwa kwenye mkeka barazani, anachambua mchele kwenye ungo. "Jibu la leo ni lile la wiki iliyopita."

"Julieth," sauti ikatoka dirishani. "Sogea hapa, mdogo wangu. Sogea karibu."

Kutoka chini ya gari Mfaume aliona ndala mbili za buluu zikivuka ua, zikasimama chini ya dirisha.

"Mumeo hakusinzia," Najiat alisema, kwa sauti iliyofika barazani. "Mimi nilitia mafuta ya breki kwenye stelingi. Wiki mbili nilitia. Fundi amefungua leo, ameona. Waite polisi waje waandike, nitawaambia hapahapa dirishani."

Ungo ulianguka. Mchele ulimwagika mpaka kwenye ngazi, na kuku wakaukimbilia. Julieth alianza kulia, lakini alikuwa mwanamke aliyezunguka ofisi nyingi kwa ajili ya mumewe na alishajifunza kuuliza. "Dada, mafuta hayo uliyapata wapi? Nani alikupa?"

Mfaume alishika spana kwa mikono miwili. Hapo ndipo. Neno moja tu, na lilikuwa lake kulisema.

"Hakuna aliyenipa," Najiat alisema. "Nilichanganya chupa mwenyewe."

Bolti ilikuwa imeshakazika zamani. Mfaume aliendelea kuikaza.

Bi Tunu hakupiga kelele. Alikwenda mpaka dirishani, akainua pazia, akamtazama mkwewe usoni. "Umeniulia mwanangu," alisema. "Eda yako utaimaliza humu, maana ni amri ya Mungu na mimi siivunji. Siku ikipita, nisikuone. Watoto ni wa baba yao, watabaki."

Walipoondoka wote, mmoja kwenda kituoni na mwingine kwenda kujifungia chumbani, Mfaume alitoka chini ya gari akasimama kando ya pazia.  Alimwogopa mwanamke aliye nyuma ya kitambaa kuliko alivyowahi kumwogopa mtu yeyote.

"Shemeji. Ile chupa..."

"Najua chupa ni ya nani. Nilikuona ukiiweka. Niliona mafuta si mekundu, nikasema shemeji ni fundi, atakuwa kaleta ya aina nyingine."

"Nitamwambia mama."

"Umwambie nini? Amezika mtoto mmoja. Akijua, atakuwa hana hata wewe." Alilivuta pazia likakaa sawa. "Na watoto wangu nitawaachia nani? Mama ni mzee. Atakayewalisha ni wewe. Nenda kamalizie gari."

Alikwenda akamalizia gari. Huo ndio ukweli wa Mfaume na hauna pambo. Alifunga mabomba, akajaza mafuta mekundu, akakaa kwenye kiti akazungusha stelingi kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, povu la upepo likitoka, mpaka ikawa inazunguka kwa kidole kimoja. Siku ya pili askari alikuja, akaandika maelezo dirishani. Akamgeukia Mfaume, "Fundi, mafuta ya breki yanaweza kufanya hivi?" Akajibu yanaweza. Akapewa karatasi, akatia sahihi. Reki ya zamani ilichukuliwa kwenye gunia. Mwezi haujaisha, Ezekia alitoka, kesi ikafutwa. Na yule mjane, polisi walimwambia ni bahati mbaya, hana la kujibu kwao. La kujibu lilikuwa nyumbani.

Siku hamsini na kitu Mfaume alisema kesho. Kila jioni alifika kwa mama yake na sukari, au sabuni, au viatu vya watoto, amejiandaa kusema, na kila jioni Bi Tunu alimshika mkono na kumwombea dua ndefu kwa kuwa ndiye aliyebaki.

Eda iliisha Jumapili. Najiat alioga, akavaa baibui, akatoa mabegi mawili. Maua, mtoto mkubwa, alikuwa na miaka sita na alishaambiwa mama anakwenda kusalimia. Maua alimwagiza mama yake karanga. Mdogo alikuwa amelala, na Najiat hakumwamsha. Alimfunika tu miguu. Bi Tunu hakutoka chumbani.

Mfaume ndiye aliyempeleka, kwa gari lile, kwa kuwa mnunuzi alikuwa anakuja Jumatatu. Najiat alikaa kiti cha nyuma. Walipita Urambo bila kusema. Kwenye kona ile mwembe ulikuwa umechubuka gamba upande mmoja, mweupe bado, na sisimizi wamepanda kwenye jeraha kufuata asali ambayo mvua haijaiosha. Gari lilikata kona kwa wepesi. Mfaume alilia bila sauti, mikono miwili juu ya stelingi, na kwenye kioo cha ndani alimwona shemeji yake anamtazama.

"Nikirudi leo nitasema," alisema. "Wallahi nitasema."

"Sawa," alisema Najiat, kama mtu anayemjibu fundi.

Alimshusha Kaliua kwa baba yake, jirani na stesheni, akamshushia mabegi. Hakuwa na la kumpa ila mkono, na Najiat hakuupokea. Alimwambia tu kwamba Maua akiumwa asipewe dawa chungu bila sukari, huwa anatapika.

Mfaume alirudi mchana huohuo. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na kufikia Isevya yalikuwa yamepangika kweli, machache, yenye mwanzo na mwisho. Alizima gari uani, akashuka, akamkuta mama yake barazani na wajukuu wawili mapajani.

"Umemfikisha?"

"Nimemfikisha. Mama, kuna jambo nataka..."

"Maneno baadaye, baba. Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni." Bi Tunu alikuwa ameshanyanyuka, ameshika birika la maji ya kunawa. Alimsogelea, akamgusa shavu kwa kiganja, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Mungu alichukua, lakini aliniachia wewe. Njoo ule, chakula kinapoa."

Mfaume alinyoosha mikono. Maji yalipita juu ya vidole vyake, na alipokwisha kunawa alikwenda kula.