Mazishi Kila Jumatatu

Kwa masikitiko makubwa, uongozi wa hoteli ya Mama Tony, Homa Bay, unatangaza kifo cha ghafla cha Mheshimiwa Mbuta, mzaliwa wa maji ya Takawiri. Marehemu alilipenda ziwa kuliko kitanda. Ameacha wajane, watoto elfu kadhaa na magamba. Ibada iliongozwa na ugali. Kichwa na matumbo vilizikwa nyuma ya soko na Bwana Willis, kwa shilingi mia tano.

Tangazo hilo halikusomwa redioni. Nililiandika mimi, Irine, kwenye kompyuta ya shangazi yangu, likizo ya Aprili mwaka jana, mahali palipohitaji maneno mawili tu: kuzoa taka.

Naomba nieleweke. Waya Awino, yaani shangazi, dada ya baba, ndiye Mama Tony. Ana hoteli mbili za samaki, moja Homa Bay, nyingine Migori. Mhasibu wake, Bochaberi, yuko Migori, na aliagiza kila gharama iwekwe kwenye kundi lake ili itolewe kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa hesabu. Makaa kundi lake, pango kundi lake. Taka za hoteli kundi lake, na taka za nyumbani kwa Waya zisiingie humo kabisa. Kwa kuwa nasoma shule ya bweni na natumia maneno kama "hatimaye", nilikabidhiwa kazi hiyo pamoja na mkebe uliojaa risiti. Sasa Willis, anayekuja kila Jumatatu na mkokoteni, hajawahi kusema anazoa taka. Husema, "Nyathina," yaani mwanangu, "naenda kuzika." Kundi nikaliita Mazishi. Nilicheka hadi nikateleza kwenye kiti.

Agosti mume wa Waya, Anko Cephas, akafa kweli. Alikuwa na mashua, na alilala ziwani siku nyingi kuliko nyumbani. Wazee wakasema tangazo la redio niandike mimi, msomi. Nilikaa na kalamu nikilia, na kichwani hamkuwa na kitu isipokuwa sentensi moja niliyokuwa nayo tayari. Nikaiandika. Watu waliposikia, walilia. Waya akaagiza ichapishwe kwa herufi za dhahabu chini ya picha ya Anko, na picha ikatundikwa hotelini juu ya sinki ya kunawia mikono. Alilipenda ziwa kuliko kitanda.

Tangu siku hiyo hunawa mikono nikiangalia bomba. Desemba niliingiza namba za Willis bila maneno yoyote, macho nusu yamefumbwa. Jina la kundi sikuligusa. Niliogopa hata kufungua maelezo ya nyuma.

Alhamisi iliyopita Bochaberi alipiga simu. Waya alikuwa anapaka samaki chumvi, akaiweka kwenye spika.

"Mama Tony, ofisi ya kodi inauliza. Huko kwako kuna mazishi kila Jumatatu. Mimi nilidhani ni jina la kampuni ya taka, nikapeleka hivyo. Wao wanasema umeingiza matanga ya mzee kwenye biashara."

"Matanga ya nani?"

"Ya mzee. Alifariki Agosti, na Agosti gharama imepanda. Anakuja afisa anaitwa Onchiri. Wakiona ni kweli, ni faini, na wanaweza kukushtaki."

Waya alikata simu kwa kidole chenye chumvi. "Nilimzika Cephas kwa kuuza ng'ombe wangu," akasema polepole, kana kwamba afisa amekwisha kufika.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Badala yake nilienda kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Nilijua kilichopandisha Agosti. Mwanzoni mwa mwezi, kabla Anko hajaugua, jiko la zamani lilibomolewa na Willis akabeba kifusi. Kifusi kilitakiwa kuhesabiwa pamoja na ujenzi wa jiko jipya. Mimi nilikipa kaburi pia: Marehemu Jiko, aliyevuta sigara maisha yake yote. Maneno hayo yangemwokoa Waya. Lakini yalikaa ukurasa mmoja na ya Aprili, na kuyafuta haikuwezekana, nakala ilikuwa Migori.

Onchiri alikuja Jumatatu. Alikuwa mpole. Aliketi meza ya karibu na sinki, picha ya Anko nyuma yake, akafungua kompyuta ya Waya. Mkokoteni ukasikika mlangoni.

"Mama Tony," Willis akaita, "nizike sasa ama nirudi baadaye?"

Onchiri aliinua kichwa. "Unazika nini?"

"Vichwa."

"Vichwa vya nani?"

"Vya samaki, mkubwa. Kwani kuna vingine?"

"Sawa, samaki," Onchiri akasema. "Lakini mtu anaweza kuzika samaki na bado akaficha matanga humo. Mama, gharama ya Agosti ni ya nini?"

"Sijui, baba. Mimi hukaanga."

"Basi nitaandika kwamba hujui."

Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Mikono ya Waya ilikuwa imeshikana kwenye aproni.

"Bonyeza hapo," nikasema. "Kuna maelezo. Soma ya Agosti tu."

Lakini Onchiri ni mtu makini. Alianzia mwanzo, kwa sauti, ili Waya asikie. "Kwa masikitiko makubwa." Willis akaanza kucheka. "Marehemu alilipenda ziwa kuliko kitanda."

Willis akanyamaza. Waya alitazama ukuta, kisha akanitazama mimi. Onchiri akageuka, akasoma herufi za dhahabu, akarudi kwenye kompyuta.

"Hii ni ya Aprili," akasema. "Mzee alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alikula pale." Waya alionyesha meza bila kuniondolea macho.

Onchiri alisoma hadi Agosti, kimya sasa. "Basi si matanga yake. Badilisheni jina, liwe uzoaji taka. Kifusi kitoeni humo, kiende kwenye jengo." Alikusanya vitu vyake akatoka taratibu, kama mtu anayetoka kwenye nyumba yenye msiba.

"Irine," Waya akasema. "Ile ya ukutani uliitoa wapi?"

Nilitafuta neno kubwa. Sikulipata.

"Kwa samaki, Waya. Ilikuwa ya samaki kwanza. Sikuwa na nyingine."