Vidole vya Mdakaji

Ni nani aliyekuwa akiwatobolea wachezaji wa timu ya Marlow siri za Verna Stuckey? Swali hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki Agosti nzima ya mwaka 1948, wala hakuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni jina tu.

Verna alikuwa mdakaji wa Harlan Falls katika ligi ya besiboli ya wanawake. Kazi ya mdakaji ni kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji kwa vidole, chini kwa chini, arushe mpira gani: kidole kimoja, wa kasi; viwili, wa kupinda. Mpigaji hapaswi kujua, lakini wapigaji wa Marlow walijua. Bernice Ochs, mpigaji wao hodari, mwanamke kipande cha mtu, alikuwa akiutaja mpira kabla haujaondoka mkononi mwa mrushaji. "Wa kupinda huo, shoga. Ulete basi, tusilale hapa." Na mpira ulikuja, ukapinda, naye akautuma hadi uzioni.

Jina lililomkaa Verna rohoni lilikuwa la Ottilie Kranz. Ottilie alikuwa mrushaji, na hadi katikati ya Julai alikuwa akiwachezea Marlow hao hao. Wakuu wa ligi walimhamishia Harlan Falls ili timu zilingane nguvu, maana desturi yao ilikuwa kuwahamisha wachezaji kama vikombe kabatini. Siri zilianza kuvuja wiki ile ile aliyofika. Isitoshe, yeye na Verna walilala chumba kimoja katika nyumba ya mjane aliyewapangisha, na kila Jumanne Ottilie alipokea barua yenye muhuri wa Marlow, akaisoma akiwa ameugeukia ukuta.

Kikulacho ki nguoni mwako. Verna akaanza kuhesabu ni mara ngapi mwenzake alikwenda kupiga simu kwenye duka la dawa, na alichelewa kwa dakika ngapi. Ottilie aliona.

"Vern, mbona unanitazama kama mwenye duka anavyomtazama mtoto wa jirani?"

Verna alijibu kwamba alikuwa akitazama dirisha.

Jumanne iliyofuata aliishika barua juu ya mvuke wa birika, akaifungua. Haikuwa na hata neno moja la besiboli. Mama mwenye nyumba wa zamani wa Ottilie alieleza habari za paka na za nyanya zilizozidi, kisha akamalizia: "Viatu vyako bado viko hapa, njoo uvichukue." Viatu gani, Verna alijiuliza, ilhali Ottilie ana jozi tatu chini ya kitanda? Mtu akishaamua kushuku, hata kiatu humtolea ushahidi. Akaenda kwa kocha.

Kocha Hobart Denning alimsikiliza huku akitafuna tumbaku. Alisema mechi zilizobaki ni nne, na hawezi kulea nyoka. Ijumaa, mbele ya timu nzima, Verna atamke kama Ottilie abaki au apandishwe treni. Kwa Ottilie, treni hiyo ilimaanisha kurudi kwenye kiwanda cha nyama alikotoka, na jina lenye doa lisilopokelewa na timu yoyote.

"Neno lako linatosha," kocha alisema. "Wewe ndiye macho yangu nyuma ya kibao cha mpigaji."

Jumatano Marlow walikuja. Ottilie alikuwa kitandani, shavu limevimba kwa jino. Verna aliona hiyo ndiyo nafasi ya kupata hakika. Asubuhi ile alibuni ishara mpya, akamnong'onezea mrushaji wa siku hiyo peke yake, mechi ikikaribia kuanza. Katika zamu ya kwanza Bernice alinyamaza. Katika ya pili akatabasamu.

"Mmebadilisha, eeh? Sasa kimoja ndicho cha kupinda. Mnatuona watoto?"

Ottilie hakuwapo, wala hakuambiwa. Basi ni nani? Alimshuku mrushaji yule, akamshuku matroni wa timu, akamshuku hata mjane wa watu.

Alhamisi, mazoezini, alimwomba mdakaji wa akiba achuchumae atoe ishara, naye akauzunguka uwanja akitazama kutoka kila upande. Alipofika karibu na kituo cha tatu, mahali anaposimama kocha wa wapinzani, aliona ncha nyekundu, moja, kisha mbili, zikimetameta chini ya pindo la sketi kama pilipili juani.

Ilikuwa rangi ya kucha. Matroni wao, Bi Prewitt, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha wanacheza kama wanaume na kupendeza kama maharusi, aliwaletea rangi hiyo kali katikati ya Julai, badala ya ile hafifu ya awali, na asiyepaka hakukanyaga uwanja. Sketi nayo iliwalazimu kubana magoti, hivyo mdakaji alishusha mkono zaidi ili mrushaji aone. Na kocha wa Marlow, akiwa pale kituo cha tatu, akaona pia, akawaashiria wapigaji wake.

Verna angeweza kuifuta rangi kimya kimya na kusema tu kwamba alikosea. Habari za barua hazikujulikana na mtu. Wazo hilo lilimfuata njia nzima hadi nyumbani, akala nalo mezani, akiwa ameketi mkabala na Ottilie aliyekuwa akinywa supu kwa upande mmoja wa mdomo.

Ijumaa, katika chumba cha kubadilishia nguo, kocha aliuliza mbele ya wote: Ottilie abaki au aende? Ottilie aligeuka polepole. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anahukumiwa.

Verna aliweka mikono juu ya meza, kucha zikiwa tupu. Bi Prewitt akafungua kinywa kukemea, lakini Verna alimwahi.

"Ottilie anabaki. Aliyetoboa siri ni mimi, kwa kucha hizi. Kocha, nenda kituo cha tatu ukatazame mwenyewe. Ottilie, niliifungua barua yako nikaisoma, kisha nikakuchongea. Sikuombi uniamini. Na wewe, Bi Prewitt, nisikilize: mimi sipaki tena. Leo nadaka hivi hivi, au sidaki."