Zamu ya Kufungwa

Nilijifunza sataranji nikiwa na miaka thelathini na minne, mwaka ule ule nilioanza masomo ya ngumbaru hapa Chaani. Mzee Yeslam mwenye duka alinifundisha Jumapili mchana, nikitoka kanisani. Kisha akaniazima ubao na kete zake niwafundishe watoto wakitoka shule, katika chumba cha kanisa.

Kwa wiki tano hakuna mtoto aliyenifunga. Kila usiku nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kunipa akili ukubwani.

Ijumaa moja, baada ya sala ya Alasiri, Mzee Yeslam alikuja kuchukua ubao wake.

"Hawa wanachezea tu," alisema. "Bora nimpe mjukuu wangu, Aqil."

Nikamwomba acheze na mmoja. Mtoto akimfunga, ubao ubaki. Akakubali. Nikamweka Kache, msichana wa miaka tisa, nami nikasimama nyuma yake nikisali kimoyomoyo.

Kache alianza vizuri mno. Akala farasi, akala ngome, akambana mfalme wa mzee pembeni. Ilibaki kusogeza waziri hatua moja tu. Akamtazama waziri, akamtazama mzee, kisha akasogeza askari asiye na kazi. Zamu iliyofuata, askari tena. Mara ya tatu mkono wake ulipomwendea askari, nilishindwa kuvumilia.

"Kache, huoni?"

"Naona, mwalimu."

"Sasa?"

Akainama. "Ni mtu mzima. Nitamfungaje mbele ya watu?"

Mzee Yeslam akainua macho. Watoto wakaziba midomo kwa viganja.

"Mnacheka nini?" nikawauliza. "Mimi nacheza nanyi kila siku, mbona hamnionei haya?"

Hapo wakaangua kicheko. Mmoja wao, Lewa, aliteremka mpaka chini ya benchi.

"Lewa, sema."

"Tunakuonea haya, mwalimu," akajibu kutoka huko chini. "Tunapeana zamu ya kufungwa. Jana ilikuwa yangu."

"Na juzi?"

"Juzi Kache. Alimwacha mfalme wake wazi, akachoka kungoja umwone."

Masikio yakaniwaka moto. Wiki tano za shukrani, na magoti yote yale. Kisha kicheko kikanipanda kutoka tumboni, nikakizuia, kikanishinda. Mzee Yeslam naye alikuwa ameegemea ukuta, kofia imemwangukia puani, machozi yanamtoka.

"Mjukuu wangu," akamwambia Kache alipopata pumzi, "nimekupa ruhusa. Wallahi sikasiriki. Nifunge."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Haya."

Kache akamsogeza waziri kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni kikombe cha chai.

Mzee alitafuta njia kila upande, hakuipata. Akazikusanya kete, akautia ubao kwapani kwa mazoea, akafika mlangoni.

"Babu," Kache akasema, "ubao."

Akarudi, akauweka mezani, akavuta benchi. "Panga basi. Mara hii usinihurumie."

Nikamwambia apange foleni nyuma yangu.