Aliyeshika Suruali

Kwa miaka tisa, fundi cherehani alifunga banda lake kila rufaa ya mdogo wake ilipotajwa, na kila mara ikaahirishwa. Leo jaji anaumwa, kesho jalada halionekani. Lo! Mtu kafungwa miaka thelathini kwa wizi wa kutumia silaha na kumteka mwenye duka, halafu jalada lake linapotea kama sindano?

Mwishowe alidai nakala ya mwenendo wa kesi, akaisoma pale pale mashineni, nguo za wateja zikimsubiri. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja akaganda. Inspekta aliyesimamia gwaride la utambulisho alieleza kwamba mwenye duka alimgusa bega "mtu wa tano, aliyeshika suruali kwa mkono". Fundi alipiga ukelele hadi jirani akaja mbio. Jamani, mahabusu si hunyang'anywa mkanda? Wale saba wengine kwenye mstari, kwa maneno ya inspekta mwenyewe, walikuwa wapita njia waliookotwa barabarani, kila mmoja na mkanda wake kiunoni. Hata mtoto angejua mahabusu ni yupi!

"Hili hukuliona?" alimkaripia wakili wa mdogo wake.

"Dada, mimi nilijikita zaidi kwenye..."

"Hukusoma! Sema tu hukusoma."

Siku ya rufaa, majaji watatu walimsikiliza wakili kwa dakika kumi. Mwanasheria wa serikali akainuka, akasema hana la kupinga. Hatia zote mbili, wizi na utekaji, zikafutwa. Dakika kumi, baada ya miaka tisa!

Na sababu yenyewe? Jaji wa katikati alisema utambuzi ulikuwa na mashaka, basi. Damu ilimchemka fundi. Mtaani si watasema jambazi kaponea kwenye makaratasi? Alichotaka ni mtu mmoja tu atamke kwamba hakuwa yeye.

Alipotoka kwenye korido kuvuta pumzi, mwenye duka, aliyekuwa amekaa nyuma akisikiliza rufaa, alimfuata, kofia mkononi.

"Dada, wale watu walifunika nyuso. Sikumwona hata mmoja. Nilipomkuta yule kashika suruali, nikajua ndiye wanayemtaka."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Hawakuniuliza kama nina hakika. Waliniuliza ni yupi."

Fundi akamdaka mkono, akamburuta hadi ndani. Kesi nyingine ilikuwa haijaitwa. Mdogo wake alikuwa bado kizimbani, akingoja hati ya kuachiwa.

"Waheshimiwa, msikilizeni huyu!"

Mwenye duka akasogea mbele. "Sikumtambua. Hakuwa yeye."

Karani akaweka kalamu chini. Jaji wa katikati akavua miwani.

"Rufaa imekwisha, mama. Hapa hatupokei ushahidi. Hilo haliandikwi."

"Basi msiandike!" fundi alifoka, askari akiwa keshamshika bega. "Nani kawaomba muandike? Rudia, baba! Rudia kwa sauti, mdogo wangu asikie!"

Mwenye duka akageukia kizimbani, akarudia.